Medali ya babu usiisugue: namna ya kutunza na kuonyesha vitu vya askari nyumbani

Kabla hujaniletea medali ya babu yako, usiisugue. Usiipake braso, usiitie majivu na ndimu, usiipitishe dawa ya meno. Ule weusi juu ya fedha haumdhuru mtu. Ukiusugua, unatoka na fedha kidogo, na kinachotangulia kufutika ni maandishi ya kwenye ukingo, ambayo ndiyo jina la mzee. Nimepokea medali zinazong'aa kama kijiko kipya, ukingo laini, hata herufi moja haisomeki. Hiyo tena ni ya nani?

Mimi ni fundi wa fremu hapa Nakuru. Kinachonilisha ni picha za mahafali na harusi, vyeti vya shule na kalenda za kanisa. Lakini mji huu una kambi ya jeshi pale Lanet, una wastaafu wengi, na una watu waliokuja kutoka Vihiga, Siaya, Kericho na Baringo wakabeba masanduku ya wazee wao. Matanga yakiisha, sanduku la bati linafunguliwa, na mjukuu anatumwa kwangu na mfuko: "Fundi, hebu nitengenezee hii ya ukutani." Haya ninayoandika ndiyo ninayomwambia kabla sijashika futi. Mengi yake utayafanya mwenyewe kwa sindano, uzi, penseli na subira.

Jina kwanza, kioo baadaye

Nunua kaunta buku yenye jalada gumu. Kila kinachotoka sandukuni kipewe namba kabla hakijaondoka mezani. Mimi nafuata mtindo wa makumbusho mengi: mwaka, kisha namba ya kitu. Kitu cha kwanza kuandikwa mwaka 2025 ni 2025.1, cha pili 2025.2. Medali nne zilizo kwenye pini moja ni kitu kimoja chenye sehemu nne, basi zinakuwa 2025.2.1 mpaka 2025.2.4. Mbele ya namba andika ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kina urefu gani, kimeandikwa nini (nakili kilivyo, hata kama kuna makosa), kimeharibika wapi, kimetoka kwa nani, na nani amesema nini juu yake.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami ndilo ninaloling'ang'ania. Nyanya akisema, "Babu yenu alishuka treni Kisumu amevaa koti hili, nikamwogopa," maneno hayo hayajashonwa kwenye koti. Yaandike kama alivyosema, kwa lugha aliyosemea, na uweke tarehe na jina lake. Ndugu wawili wakisimulia kwa njia mbili, andika zote mbili. Si kazi yako kuwapatanisha.

Usiandike juu ya kitu chenyewe, wala usibandike stika. Gundi yake hugeuka utomvu wa kahawia usiotoka. Kata kipande cha karatasi nene, andika namba kwa penseli, kifunge kwa uzi wa pamba. Kwenye nguo, andika namba kwenye kitambaa cheupe cha pamba, ukishonee ndani ya kola kwa mishono michache mikubwa, upitie kwenye pindo la zamani. Kisha piga picha kila kitu mbele, nyuma na ubavuni, rula ikiwa kando yake, karibu na dirisha lakini si juani.

Jambo moja la usalama halingoji daftari. Ukikuta risasi, bomu la mkono au kitu chochote usichokielewa chenye umbo la hivyo, usikiguse wala usikilete mjini kwa matatu. Toa watu chumbani, piga simu polisi.

Kuisoma medali

Zima taa ya chumba. Shika medali kwa ukingo, ukiwa na kitambaa cha pamba mkononi, kisha weka tochi ya simu ubavuni ili mwanga upite kwa mlalo juu ya ukingo. Herufi ambazo hukuziona mchana zitajitokeza. Mwenzako apige picha kwa simu ya pili, uikuze. Kwa kawaida utakuta namba ya askari, cheo kwa kifupi, jina, halafu kikosi. Jina lisipofanana na lile la kwenye kitambulisho usikate tamaa haraka: karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Lisome kwa sauti mbele ya mzee wa ukoo, mara nyingi yeye ndiye atakayelitambua.

Medali za Vita Vikuu vya Kwanza, ile ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na ile ya shaba yenye malaika mwenye mabawa, kwa kawaida zina jina ukingoni. Za Vita vya Pili ni habari nyingine. Waingereza walizitoa kwa askari wao na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) bila jina. Nyota ya pembe sita yenye utepe wa mistari mitatu iliyo sawa, buluu iliyokoza, nyekundu na buluu ya mbingu, ni ya 1939–1945. Nyota ya umbo lilelile lakini utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na rangi ya chungwa ndani ya kila buluu, hiyo ni Nyota ya Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Ile ya duara yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili ni Medali ya Vita. Zote zinafanana na za maelfu ya watu wengine. Ukitenganisha nyota ya Burma na karatasi ya mzee na maneno ya nyanya, umebaki na kipande cha chuma cha mtu yeyote aliyewahi kupigana huko.

Na waliopigana huko kutoka kwetu ni wengi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944, ikaingia Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kama familia yenu inasimulia habari za "babu aliyezama na meli", uliza juu ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki miongoni mwa wengine, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Asiye na kaburi utamtafuta kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita Nairobi, au, kama alipotelea Burma, kwenye mnara wa Rangoon kule Taukkyan. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unatafuta kwa jina bila malipo. Jaribu jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria. Waliolala karibu nasi, nenda Gilgil. Makaburi yale ya vita yamepangwa vizuri, na mtunzaji hukuachia utembee kimya kimya.

Medali inayoleta maneno mengi zaidi dukani kwangu ni ya baadaye: ya fedha, ina sura ya Malkia Elizabeth wa Pili, utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake kibao kidogo kilichoandikwa "Kenya". Hii ni Medali ya Utumishi Afrika. Kibao hicho kilitolewa kwa utumishi wa kuanzia 21 Oktoba 1952, siku moja baada ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau kutangazwa, hadi 17 Novemba 1956. Hii ina jina ukingoni. Walipewa askari wa KAR, polisi, na vikosi vilivyoletwa kutoka Uingereza.

Beji iliyotoka Njoro

Mama mmoja kutoka Njoro aliniletea kopo la biskuti. Baba yake alikuwa mpishi katika shamba la mzungu. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambulisho cha zamani, vifungo vya shati, beji ya chuma cheupe, na shungi dogo la manyoya mekundu lililoliwa nusu na wadudu. Beji ina nyota, na katikati amesimama mtakatifu Andrea na msalaba wake wa mshazari. Pembeni kuna maneno ya Kilatini, NEMO ME IMPUNE LACESSIT, yaani hakuna anichokozaye akasalimika. Vitu viwili hivyo vikikaa pamoja havina utata: ni vya Black Watch, rejimenti ya Waskoti wa milimani.

Nieleze kidogo, maana ukijua kitu kilikotoka utajua namna ya kukiandikia kibandiko. Rejimenti hiyo ilianza mwaka 1725 kama makampuni ya ulinzi yaliyoundwa na Jenerali Wade kuchunga amani kwenye milima ya Uskoti. 1739 yakaamriwa kuwa rejimenti kamili, na mwaka uliofuata wakakusanyika kandokando ya mto Tay, Aberfeldy. Kilti zao, zile sketi za wanaume za Kiskoti, ni za kijani, buluu na nyeusi, rangi za giza. Shungi jekundu ndilo alama yao kuu, kiasi kwamba kwenye kofia laini ya sufu walilivaa peke yake, bila beji; beji ilikaa kwenye ile kofia ndefu yenye mkunjo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kofia laini yenye shungi na beji kwa pamoja, akaiita ya Black Watch, muulize nani ameishonea. Walipigana Fontenoy 1745, Waterloo 1815, na Magersfontein kule Afrika Kusini 1899, ambako jenerali wao Wauchope aliuawa. Wapiga zumari wao walipiga kwenye mazishi ya Rais Kennedy mwaka 1963. Mwaka 2006 waliunganishwa na wenzao kuwa Rejimenti ya Kifalme ya Uskoti, nao wakawa batalioni mojawapo ndani yake.

Kilichowaleta huku ni Hali ya Hatari. Batalioni ya kwanza ilitoka Korea, ikafika Kenya 1953, ikakaa hadi 1955. Mkesha wa Krismasi wa 1953 karibu na Thika aliuawa meja wao, Archibald John Wavell, mtoto wa yule jemadari Wavell aliyekuwa mtawala wa India. Meja huyo alikuwa amekwisha kupoteza mkono Burma, mahali palepale ambapo babu zetu wengi walipoteza viungo vyao. Hakuacha mtoto, na cheo cha uerli, kile cha kurithi cha mabwana wa Uingereza, kikaisha naye.

Makumbusho ya rejimenti yako katika ngome ya Balhousie, mjini Perth, Uskoti: sare, medali, picha za rangi za vita, bendera. Ni makumbusho ya kuwaenzi watu wao, hayafichi hilo, na sioni kosa. Kila ukoo huenzi wake. Mimi nilichochukua kutoka kwa makumbusho ya namna hiyo ni nidhamu. Kitu kinalala juu ya kitambaa, hakigusi kioo, hakijabandikwa, na kando yake kuna jina la mtu. Vingine vyote ni taa na pesa.

Karatasi na picha

Usilaminishe. Ningeweza kuandika neno hilo ukurasa mzima. Saiba yoyote mjini itakufungia cheti cha kuachishwa jeshi cha mwaka 1946 ndani ya plastiki kwa bei ya soda, na hakuna fundi duniani atakayekitoa salama. Joto huunguza karatasi, plastiki hufungia asidi ndani, na ile chapa ya zambarau ya ofisi husambaa. Cheti kipige picha au ukitoe nakala ya rangi. Nakala ndiyo iende ukutani. Chenyewe kikae ndani ya bahasha ya karatasi safi, kikiwa kimekunjuliwa, mahali pakavu, mbali na ukuta wa bafu.

Selotepu ya zamani usiivute. Pini na klipu zenye kutu zitoe polepole kwa kuinua mguu mmoja mmoja wa waya, usiziburute. Gazeti usilitumie kufungia chochote. Wino wake na asidi yake huhamia kwenye kitu chako.

Picha iliyonata kwenye kioo ndiyo inayowaponza wengi. Usiibandue. Usiweke maji, usiweke mvuke. Fungua fremu kwa nyuma, toa kioo na picha vikiwa vimeshikana, vipige picha kwa mbele kwenye kivuli angavu, ukivaa shati jeusi ili usijiakisi. Nakala hiyo itatosha ukutani. Kioo na picha vibaki hivyohivyo ndani ya sanduku la kadibodi, vimelazwa, mpaka apatikane mtaalamu.

Koti, kofia na manyoya

Adui mkubwa wa sufu ni nondo. Funza wake wanakula koti la jeshi na shungi la manyoya, na kwa macho utaona vitundu tu na unga mchangamchanga. Watu hukimbilia nafthalini, na nyumba nzima hunuka. Njia ya makumbusho ni baridi. Tia nguo kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa yote, ziba mdomo kwa selotepu pana, kisha weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko. Ngoja siku nzima ipate joto la chumba, ama sivyo unyevu utaigandia. Friza ya nyumbani haitoshi koti la baridi la jeshi. Mimi nina jirani mwenye bucha ambaye alinicheka sana mara ya kwanza nilipomwomba nafasi ya "nguo ya marehemu", lakini alinipa kona moja, na shungi la Njoro lililala hapo pamoja na koti la mzee wa Vihiga.

Baada ya hapo usifue. Vumbi liondoe kwa kifyonza vumbi cha nguvu ndogo, ukiwa umefunika mdomo wake kwa kipande cha neti. Ihifadhi imelazwa, mikunjo imejazwa vitambaa safi vya pamba ili isikatike kwenye pindo. Ikibidi kutundikwa, nenepesha kiango kwa kitambaa mpaka kiwe na upana wa bega la mtu.

Kisanduku chenyewe

Unahitaji fremu yenye kina cha kama sentimita nne, si fremu bapa ya picha. Mbao iwe imekauka kabisa. Plaiwudi na MDF hutoa hewa ya tindikali miaka na miaka. Ndani ya kisanduku kilichofungwa hewa hiyo hula metali, na madini ya risasi, si risasi ya bunduki, ndiyo huharibika kwanza. Dukani kwangu ninafunika ubao wa nyuma kwa foili ya jikoni upande wa ndani, vipande vikipishana, nikibana kingo kwa nyuma. Ukipaka rangi, acha kisanduku wazi kwa wiki kadhaa. Pua yako ikisikia rangi, medali nayo inaisikia.

Juu ya foili tandika amerikani iliyofuliwa mara mbili kwa maji moto bila sabuni ya manukato wala kanji, ivute, uibane kwa nyuma. Rangi yake ya maziwa inapokea utepe wowote. Velveti nyekundu ambayo kila mteja anaitaka ninakataa, maana rangi yake hutoka kwenye unyevu, na Kisumu unyevu haukosi.

Sasa panga vitu juu ya meza, bila kushona, upige picha mpangilio. Medali zipangwe kama alivyozivaa: nyota ya 1939–1945, ya Burma, kisha zile za duara. Usizigeuze kwa sababu moja inapendeza zaidi.

Kushona ni hivi. Tumia uzi wa pamba wa rangi ya kitambaa na sindano nyembamba. Ikiwa medali ziko kwenye pini yao, sindano itoke nyuma ya ubao, izunguke chuma cha pini, irudi palepale ilipotokea. Mizunguko miwili kila mwisho, fundo nyuma. Utepe wenyewe haujaguswa. Ikiwa utepe umelegea hauna pini, pitisha sindano kati ya nyuzi zake, kwenye ile sehemu ya juu iliyokunjwa, polepole mpaka uhisi inateleza bila kukata. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, rudi. Medali nzito itaning'iniza utepe dhaifu mpaka uchanike, kwa hiyo chini yake weka pini mbili za chuma kisichoshika kutu, umezizungushia uzi wa pamba, ziibebe kwa tumbo. Mtu akisimama mbele haoni kitu. Anaona medali imetulia tu.

Gundi haiingii kabisa. Si supaglu, si silikoni, si ile ya moto ya bunduki. Kila nilichoshona kinaweza kufumuliwa na mjukuu wa mjukuu kwa mkasi.

Kati ya kioo na kitambaa weka vijiti vya mbao pande zote nne ili kioo kisiguse kitu. Ziba nyuma kwa selotepu ya karatasi, wadudu wasipenye, na funga kwa skrubu, si misumari, kwa sababu kila mwaka kabla ya mvua ndefu utafungua uchunguze. Kwenye pembe za nyuma bandika vipande vinne vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Tundika mahali jua halifiki saa yoyote, si juu ya jiko, si mkabala wa mlango unaofunguka barabarani. Vumbi la Nakuru mnalijua. Vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, ukivibadilisha.

Kibandiko

Hapa ndipo familia zinaponuniana dukani kwangu. Mama mmoja kutoka Bahati alileta medali ya Malkia yenye kibao cha "Kenya". Guka wake mkubwa, yaani babu, alikuwa polisi. Mdogo wake huyo guka alikuwa kizuizini Manyani. Wajukuu wa upande mmoja walitaka kiandikwe "shujaa", wa upande wa pili walitaka medali isitundikwe kabisa. Mimi sikuwa na upande, nina bei ya fremu tu. Nilichowaambia ni kwamba kibandiko si hotuba. Kinasema kitu ni nini, cha nani, cha lini, alikuwa wapi, kimefikaje hapa. Walichokubaliana mwishowe kilikuwa hivi:

"Medali ya Utumishi Afrika, kibao cha Kenya. Fedha. Alipewa konstebo wa Polisi ya Kenya, mzaliwa wa Bahati. Alitumikia Naivasha. Katika miaka hiyohiyo mdogo wake alizuiliwa Manyani. Wote wawili walirudi nyumbani. Imetolewa na mjukuu."

Chini yake wakaweka picha ya mdogo. Kisanduku kimoja, watu wawili. Ninakipenda kuliko vyote nilivyotengeneza.

Kwa kopo la Njoro niliandika kwa njia hiyohiyo. Sikuandika "zawadi kutoka kwa askari Mskoti", kwa kuwa hakuna aliyesema hivyo. Niliandika beji ni ya rejimenti gani, kwamba rejimenti hiyo ilikuwa Kenya 1953 hadi 1955 ikipigana na Mau Mau, na kwamba ilikutwa kwenye kopo la mpishi. Mpishi ndiye wa kwanza kutajwa. Makumbusho ya Perth yataanza na rejimenti, na ni haki yao. Kisanduku kinachokaa Njoro kianze na mwenye kopo. Andika kwa Kiswahili, na ukitaka, lugha ya nyumbani chini yake. Herufi kubwa, mzee asiinue miwani.

Ukitaka kuwaandikia au kutoa

Makumbusho ya rejimenti hupokea maswali. Andika barua pepe fupi: picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, rula ikionekana, namba na jina kama vilivyochongwa, mahali kilipopatikana, swali moja tu. Usiulize bei. Hakikisha kwanza ni rejimenti yao: vitu vya rejimenti ya Argyll viko Stirling, vya rejimenti ya Gordon viko Aberdeen, na vya vikosi vingine vya milimani viko Fort George karibu na Inverness. Usitume kitu chenyewe kwa posta kwa sababu mtu amekuomba kwenye simu. Anayekusanya kwa biashara naye anajua kuandika barua yenye nembo nzuri. Kuna mzee alimpa mgeni mmoja nyota zake za Burma "akazipige picha". Hazikurudi.

Ukiona familia haiwezi kutunza, makumbusho yetu yapo. Kisumu yako tangu 1980. Kitale yalianzishwa 1926 na mwanajeshi mstaafu, Luteni Kanali Stoneham, aliyekuwa akikusanya wadudu na vitabu. Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill. Nenda kwanza ukiwa na daftari na picha, si na vitu. Uliza kama wanavihitaji na vitakaa wapi. Kisha amueni kama ni zawadi au azima, maana zawadi hairudi, na azima iwe na tarehe ya mwisho. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na wazee wawili wa ukoo mbele ya mtunzaji, namba za kaunta buku zikiorodheshwa moja moja. Nakala moja ibaki na familia, ya pili ikae kwao ofisini, ya tatu mpe ndugu anayeishi mbali na hapo.